Wali Ule Ule, Hotipoti Nyingine

Mama mdogo alishuka Mbezi Ijumaa alasiri akiwa na begi moja, kiroba cha machungwa ya Muheza na swali. Shikamoo yangu aliipokea juu juu. "Marahaba, baba. Ile video ya sendofu unayo?"

Ninayo. Sendofu ya mdogo wangu ilifanyika mwezi wa nane hapa hapa Tabata, na mama mdogo ndiye aliyeongoza msafara wa zawadi upande wa mama. Aliingia na beseni kichwani, akacheza kutoka mlangoni hadi meza kuu bila kulishika. Binamu yangu aliirusha shughuli nzima mubashara ili ndugu zetu wa Muscat waione. Wakaiona, wakampigia simu Tanga wakimsifia. Yeye mwenyewe mchezaji hajaona hata sekunde moja.

"Watu wa Uarabuni wameniona, mimi sijajiona. Haki iko wapi?"

Alikuwa amekuja kwa miadi ya kliniki Jumatatu, na Jumanne alfajiri angerudi. Nikamwambia kesho mchana, baada ya chakula, tutakaa sebuleni tutazame. Nilisema kwa sauti ya mwenye nyumba. Saa hizo nilidhani kazi iliyobaki ni kuchomeka flashi tu.

Kwangu Kimanga kuna TV ya inchi 32 ya zamani, si hizi zenye intaneti ndani. Tundu lake la USB linaonyesha picha za mnato basi, video inakataa. Deki ilikufa. Laptop ninayo, lakini tundu lake la HDMI, la kupeleka picha kwenye TV, lina kipande cha kijiti ambacho mwanangu alikichomeka akiwa na miaka mitatu, na fundi aliyekitazama alitaja bei iliyonifanya nimuage. Ipo PS3, mashine ya gemu ya Sony, ile nyembamba, niliyonunua mtumba Kariakoo mwaka 2014, wakati wenye uwezo walikuwa wameshahamia PS4. Mke wangu anaiita "gemu la watoto". Watoto hawaigusi. Najua mwenyewe ni nani anayeigusa.

Basi usiku ule nikachomeka flashi ya GB 64 kwenye PS3, nikaenda kwenye safu ya Video. Kimya. Hata alama ya flashi haikutokea.

Hili nalijua, nilikuwa nimelisahau tu. Flashi kubwa za siku hizi zinatoka dukani zikiwa na fomati (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) ya exFAT, na PS3 inasoma FAT32 peke yake. NTFS nayo haiitambui. Ndiyo maana eksteno yako ya TB 1 iliyojaa muvi inafunguka vizuri kwenye laptop, ukiipeleka kwenye gemu ni kama umechomeka jiwe. Nikahamishia kila kitu kwenye laptop ili niifomati flashi upya. Windows ikanipa machaguo mawili, NTFS au exFAT, kwa sababu dirisha lake la kufomati halikubali kutengeneza FAT32 kwenye kitu kinachozidi GB 32. Ni ukomo wa Windows yenyewe, flashi haina kosa. Nilikuwa na kiprogramu kidogo cha kazi hiyo kutoka enzi zile, kikamaliza kwa sekunde chache.

Nikakopi video. Windows ikasema faili ni kubwa mno kwa flashi hii. Flashi ya GB 64, tupu, faili la GB 6.4!

FAT32 ilitoka mwaka 1996, na ukubwa wa kila faili inauandika kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoenea hapo ni 4,294,967,295, kwa hiyo faili moja haliwezi kuvuka GB 4 hata flashi iwe na nafasi ya kuchezea mpira. Mwaka 1996 nadhani hakuna aliyefikiria sendofu ya saa mbili na dakika ishirini.

Nikajaribu kwanza na kipande kifupi cha kukata ndafu nilichokuwa nacho, faili dogo la MKV kutoka shughuli ile ile. Flashi ikaonekana sasa, faili likaonekana, lakini mbele yake PS3 ikaandika kwamba data haiungwi mkono. Kumbe kuna tatizo la tatu: MKV yenyewe, na lile faili kubwa nalo ni MKV.

Sasa niseme jambo la aibu. Nilibadilisha jina. Nilifuta ".mkv" mwishoni, nikaandika ".mp4", nikarudi sebuleni kwa matumaini. Mtu mwenye miaka 37 na cheti cha kompyuta. PS3 ikakataa vile vile, na ilikuwa na haki. Ukibandika lebo ya Kyela kwenye gunia la mchele wa Thailand, mpishi atakujua akifungua gunia.

Nikaamua kukonvati. Nina programu ya kufanya hivyo, unaiwekea faili, unachagua MP4, unabonyeza anza. Ikaonyesha fremu nane kwa sekunde. Video ina fremu thelathini kwa kila sekunde, na ni ya saa mbili na dakika ishirini. Piga hesabu: karibu saa tisa. Ilikuwa saa tatu usiku, kwa hiyo ingeiva saa kumi na mbili asubuhi. Betri ya laptop ilishakufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani. Nikaiweka juu ya meza ya chakula, nikaiwekea feni, nikaenda kulala. Mke wangu akauliza ile feni iko wapi. Nikamwambia kuna kitu kinapikwa.

Saa kumi usiku umeme ukakatika.

Niliamka kwa joto. Nilikaa gizani kitandani nikijiambia labda imefika mbali, labda nitapata hata saa moja na nusu ya kwanza. Umeme uliporudi saa kumi na mbili, faili lilikuwepo, GB 3 na ushee, na halikufunguka popote. Si PS3, si laptop. Sababu ni kwamba programu nyingi zikitengeneza MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa, ile sehemu inayoiambia mashine ya kuchezea picha ipi iko wapi. Ukikatiza kabla ya mwisho, unabaki na kitabu chenye kurasa zote zilizochanwa na kuchanganywa, hazina namba. Nilipika usiku kucha nikachemka.

Saa mbili asubuhi nikampigia binamu yangu, yule aliyerusha mubashara. Ana miaka 22. Nilianza kwa kumlaumu: kwa nini ulinipa MKV, kila mtu duniani anatumia MP4?

"Kaka, umeme ulikatika mara mbili ukumbini. Hukuona?"

Sikuona, nilikuwa upande wa vinywaji. Akanieleza kwamba alirekodi kwa OBS, programu ya kurekodi na kurusha mubashara, na kwa miaka mingi OBS imekuwa ikipendelea kurekodi kwa MKV kwa sababu hiyo hiyo iliyonikuta mimi usiku: kompyuta ikizima katikati, MKV unabaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ile. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida, umepoteza shughuli. Laptop yake ilizimika mara moja wakati jenereta ikisubiriwa, na asingekuwa na MKV, ndafu yote ingepotea. Alivyorudi nyumbani akaunganisha vipande.

Halafu akaniuliza nilichokuwa nafanya. Nikamwambia nakonvati.

"Unapika tena? Kaka, wali umeshaiva. Wewe hamisha tu hotipoti."

Niliandika maneno hayo nyuma ya risiti ya LUKU. Naomba nikae hapa kidogo, maana miaka yote niliyocheza video kwenye gemu hakuna aliyewahi kunifafanulia hivi.

MKV si aina ya video. MP4 si aina ya video. AVI pia. Ni vyombo. Ndani ya chombo kuna picha iliyobanwa kwa njia fulani, na sauti iliyobanwa kwa njia yake, na pengine sabutaito. Picha ya sendofu yetu imebanwa kwa H.264, ambayo PS3 inaijua vizuri sana, ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye diski nyingi za Blu-ray inazosoma kila siku. Sauti ni AAC, nayo inaijua. Wali wote ni chakula inachokula. Ilichokataa ni hotipoti: inapokea MP4, AVI, MPEG-2 na kadhalika, ila MKV haijui mfuniko wake unafungukia wapi. Mimi nilichofanya usiku ni kumwaga wali uliokwisha kuiva, kurudisha mchele jikoni na kupika upya punje kwa punje, kwa moto wa laptop ya zamani. Na wali uliopikwa mara mbili hauwi mtamu kama wa kwanza, kila ukibana picha upya unapoteza kidogo.

OBS yenyewe ina sehemu ya kuhamisha faili kutoka MKV kwenda MP4, lakini mimi nilitaka pia kulikata vipande viwili, kila kimoja kienee ndani ya GB 4. Akanitumia mistari miwili ya FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kwa WhatsApp:

ffmpeg -i sendofu.mkv -t 01:10:00 -c copy sehemu1.mp4

ffmpeg -ss 01:10:00 -i sendofu.mkv -c copy sehemu2.mp4

Neno lenye kazi ni "copy". Linasema usiguse picha, usiguse sauti, toa huku weka kule. Saa tisa za usiku zikageuka dakika tatu, na hizo tatu ni za diski kusoma na kuandika, prosesa haikuhisi chochote. Feni ya laptop haikupandisha hata sauti. Nilitazama ile skrini nyeusi ikimaliza nikapata hasira kidogo, ya kuhesabu usiku wote niliowahi kuamsha laptop tangu 2014.

Tahadhari moja tu, kwa sababu najua mtu atajaribu na itamgomea: hii inafaa pale ambapo vilivyomo ndani vinajulikana na PS3. Muvi nyingi za MKV zina picha ya H.264 lakini sauti ya aina ambayo MP4 ya PS3 haiipokei, na utaona watu wanafungua midomo bila neno. Hapo acha picha ilivyo, upike sauti peke yake: -c:v copy -c:a aac. Sauti inaiva haraka. Lakini picha ikiwa ni H.265, ya siku hizi, hakuna ujanja, hiyo PS3 haiijui na itabidi uwashe jiko.

Mchana, baada ya wali (wa kweli, wa nazi, na samaki), tukakaa. Tulikuwa tisa, na majirani wawili waliosikia. Nikachomeka flashi, nikaenda Video, nikafungua. Hakuna faili.

Macho yote kwangu. Mama mdogo akasafisha koo.

Hili nalo ni la kujua: PS3 ikifungua flashi inatafuta folda liitwalo VIDEO. Kama umemwaga mafaili nje nje, haiyaoni mpaka ubonyeze pembetatu kwenye pedi ukiwa juu ya alama ya flashi, uchague ionyeshe vyote. Nikabonyeza. Yakatokea mawili, sehemu1 na sehemu2, kila moja na kipicha chake kidogo kinachocheza. Sebule ikapumua.

Sehemu ya kwanza ilikwenda na MC wake anayejipenda, na wapambe, na keki. Mama mdogo hakuangalia keki. "Mimi naingia lini?" Nikasema sehemu ya pili. "Basi weka ya pili." Majirani wakataka ndafu kwanza. Kukawa na mjadala, na mjadala wa wanawake watatu wa Tanga huwezi kuuingilia ukatoka salama, kwa hiyo nikabaki na pedi mkononi kama dereva anayesubiri abiria wapatane nauli.

Ikashinda sehemu ya pili.

Alipojiona anatokea mlangoni, beseni kichwani, alinyamaza. Mama mdogo hanyamazi. Alisogea mbele mpaka ukingo wa kochi. Nilikuwa sijawahi kuiangalia vizuri ile sehemu kwa sababu siku yenyewe nilikuwa kule nilikokuwa. Anaingia taratibu, mabega yametulia kabisa, kazi yote iko kiunoni, na lile beseni la vyombo vimepangwa mpaka juu, na utepe mwekundu, halitikisiki. Katikati ya ukumbi anageuka mzima, mzunguko mmoja, na mtu mmoja nyuma ya kamera anasema "Mungu wangu". Ni sauti ya binamu.

"Rudisha," akasema mama mdogo.

Nikabonyeza pedi, ikarudi nyuma. Akaingia tena. "Rudisha." Nadhani tulirudi mara sita. Mara ya nne aligundua kuwa kanga yake ilikuwa imepanda upande mmoja, akamuuliza dada yake kwa nini hakumwambia siku ile.

Kuna njia nyingine ambayo ingenipunguzia safari zote hizi za flashi, na nilikuja kuiweka Jumapili kwa ajili ya usoni. Unaweka kwenye laptop programu ya kugawa video, mimi natumia Universal Media Server, iliyotokana na ile ya zamani iliyoitwa PS3 Media Server. Laptop na PS3 zikiwa kwenye rauta moja, folda lako linatokea kwenye safu ya Video ya gemu kama flashi. Ukomo wa GB 4 haupo tena, na MKV inahamishwa chombo njiani huku unatazama. Watu wananiuliza kama inakula bando. Haili hata MB moja, data inatembea ndani ya nyumba yako tu, rauta ikiwa haina salio kabisa bado inafanya kazi. Ila tumia waya. Wi-Fi ya PS3 ni ya kizamani, na video nzito ya HD inakwama-kwama, mara picha inasimama, mara sauti inatangulia. Waya wa mtandao wa mita tano niliununua Kariakoo, na mkwamo ukaisha.

Jingine kabla sijasahau, kwa wale wanaojaza flashi kwenye vibanda vya kukopia muvi. Kama muvi inacheza vizuri halafu baada ya dakika kama ishirini sauti inakatika na juu kunatokea ujumbe wenye neno Cinavia, usipige TV makofi. Niliwahi kubadilisha waya wa HDMI kwa ajili hiyo, nikatupa hela. Ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya muvi yenyewe, na PS3 tangu programu yake ya 3.10 ya mwaka 2009 inaisikiliza. Ikigundua ni nakala isiyoruhusiwa, inanyamazisha. Uhamishe hotipoti unavyotaka, alama iko ndani ya wali.

Rafiki yangu wa Segerea mwenye PS4 alicheka sana nilipomsimulia haya. Yeye tangu Juni 2015, Sony walipoleta programu yao ya kuchezea video, anachomeka flashi ya exFAT yenye MKV na anatazama. Nikamkumbusha kuwa PS4 ilitoka Novemba 2013, na kwa mwaka mmoja na nusu haikuweza kucheza faili hata moja kutoka kwenye flashi, wakati PS3 ya kwangu ilikuwa inafanya hivyo siku zote, kwa masharti yake. Akanyamaza. Halafu akauliza kama nitamuuzia.

Jumatatu kliniki ilikwenda salama. Jioni, mama mdogo akatoa flashi yake kwenye mkoba, ndogo ya GB 8, yenye kamba ya waridi. Anataka kuipeleka Tanga akatazame na wenzake wa kikoba.

"Utatazamia kwenye nini, mama?"

"Deki."

Deki yake naijua, mimi ndiye niliyempelekea. Ina tundu la USB na inasoma AVI za DivX na Xvid, mambo ya miaka ile. H.264 haijawahi kuisikia. Hapo huwezi kuhamisha, lazima upike kweli kweli: picha ishushwe mpaka 720 kwa 576, ibanwe upya kwa Xvid, sauti iwe MP3, iingie kwenye AVI. Nikaomba umeme usikatike, nikaiweka laptop juu ya meza ya chakula na kuielekezea feni. Picha ndogo inaiva upesi, saa moja na robo hivi. Mke wangu alipita, akaiangalia feni, hakusema kitu.

Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa Mbezi, kituo cha Magufuli, tukitafuta basi lake. Flashi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na nauli. Alipopanda aliteremsha kioo.

"Umeweka na ile ya kugeuka?"

"Ipo mama. Dakika ya ishirini na mbili, sehemu ya pili."

Akaitaja mara mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, ili asisahau, na basi likaanza kurudi nyuma.